Waya Chini ya Kizingiti

Magharibi ilikuwa inakaribia Wagdi alipomwita mkewe aje amshikie waya. Ibtihal aliacha jikoni vitunguu saumu vya mboga ya mulukhiya, akafuta mikono, akaja mbio. Siku hiyo hakutaka kumpa mumewe sababu yoyote.

Ilikuwa Alhamisi. Baada ya adhana, dada yake Shahira angempitia waende Imbaba kwa mama yao, kama kila wiki. Ila safari hii Ibtihal asingerudi. Mkono wa Wagdi ulikuwa umemchosha. Hakuwa amemwambia mtu, hata Shahira mwenyewe. Angemwambia pale mlangoni, neno moja tu, na Shahira angejua la kufanya, maana Shahira si mwanamke wa kuchezewa.

"Shika hapo. Usivute. Nani kakwambia uvute?"

"Sijavuta."

"Basi hiyo mikono ina wazimu."

Kwa spika, Wagdi alikuwa na subira ambayo mkewe hakuwahi kuionja. Alizipangusa kwa kitambaa laini, akazipima kwa kamba ili zote mbili ziwe mbali sawasawa na kiti chake. Kiti kimoja. Wa kukaa pembeni yake hakumfikiria. Tatizo likawa waya wa spika ya kushoto. Ilibidi upite mbele ya mlango wa bafu, naye hakutaka kuuona ukilala sakafuni kama utumbo. Akachukua bisibisi, akakibandua kizingiti cha marumaru.

Harufu ikatoka.

Maji yaliyolala. Na chini yake... nywele zilizoungua.

"Sema dasturu kwanza," Ibtihal alinong'ona. Hapo mtaani Shubra hata mtoto anajua. Huinui kizingiti cha bafu, humwagi maji ya moto shimoni, kabla ya kuwaomba ruhusa, kwa neno hilo, majini wanaolala chini.

"Dasturu nimwambie nani? Mende?" Wagdi akachukua gilasi yake ya chai, bado inafuka moshi, akaimimina yote kwenye ufa. "Haya, wanywe. Wasiseme mimi bahili."

Kule chini kitu kikavuta pumzi kwa nguvu, kama anavyofanya mtu aliyeungua.

Wagdi hakusikia, au alijifanya. "Ingiza mkono uupokee waya huko."

"Wagdi, nakuomba."

"Ingiza."

Akaingiza. Waya ukafika, akaushika. Kisha vikafika vidole. Vidogo, vina joto la chai. Vikampapasa kiganja taratibu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Vikachagua. Ncha ya shaba ikamchoma, damu ikatoka, Ibtihal akauchomoa mkono na kupiga ukelele.

Hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Ulimi ulicheza, hewa ilipita, koo lilitikisika. Sauti haikuwemo.

Wagdi alikuwa amekwisha kumenya waya kwa meno, anazisokota nyuzi za shaba. "Afadhali leo umejifunza kunyamaza," alisema bila kugeuka.

Akaunga, akawasha amplifaya, akatia kanda. Muziki ukatoka mbovu. Mwimbaji hakuwa na mahali, sauti yake imemwagika kutani, tupu katikati. Ugonjwa huo Wagdi aliujua. Mahali fulani alikuwa ametia waya mwekundu kwenye tundu jeusi, kwa hiyo spika moja inasukuma na nyingine inavuta, na sauti ya katikati inauawa. Akapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, akabadilisha. Nyekundu kwa nyekundu. Nyeusi kwa nyeusi.

Mwimbaji akanyamaza.

Katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kitu chochote, mtu akakohoa.

"Wagdi," ikasema sauti ya Ibtihal.

Wagdi akamtazama mkewe. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, mkono uko kooni.

"Wagdi, funga mlango. Mkeo anaondoka leo na dada yake. Harudi."

Siri hiyo Ibtihal hakuitamka popote, hata peke yake. Akatikisa kichwa, akatikisa tena. Hofu ilipita usoni mwa mumewe, aliiona kabisa, na kwa kitambo kidogo alitumaini kwamba itamfanya awe mtu. Lakini hasira ikaipiku.

"Ni kweli?" Wagdi aliuliza. Hakumuuliza yeye. Aliziuliza spika.

"Nguo zake zimo kwenye gunia la mchele."

Akaenda kuufunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Akarudi akampiga mkewe kofi, bila haraka, kisha akaketi kwenye kiti chake kusikiliza.

Adhana ikaita, ikaisha. Nyayo zikapanda ngazi.

"Ibtihal? Ni mimi, fungua."

Ibtihal aliurukia mlango, akaugonga kwa viganja, kwa ngumi, kwa paji la uso. Wagdi hakuinuka. Hakuwa na haja.

"Leo siji, dada," sauti ya Ibtihal ikasema kutoka sebuleni, tamu, imechoka kidogo. "Mwili hauna nguvu. Msalimie mama."

"Na hayo makelele mlangoni?"

"Wagdi huyo, anapigilia rafu ya spika zake. Si unamjua."

Ibtihal alisikia dada yake anahema upande wa pili wa ubao, karibu kiasi cha kuguswa.

"Ibtihal, niambie kweli. Kuna kitu?"

"Hakuna, Shushu."

Jina hilo la utotoni hawakulijua wengine. Shahira akacheka kidogo, moyo umemtulia. "Haya, pumzika, mdogo wangu. Alhamisi ijayo basi." Nyayo zikaanza kushuka.

Wagdi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha, mzaha umekwisha, akainama na kuchomoa plagi ukutani. Taa ya amplifaya ikazimika.

"Umefurahi, bwana?" sauti ikauliza.

Akazivuta nyaya zote, nyekundu na nyeusi, zikabaki mkononi mwake. Sauti ikaanza kuimba polepole, palepale katikati, na sasa haikuwa ya Ibtihal peke yake. Ya mwanamume iliingia chini yake, nzito. Ibtihal aliijua. Wagdi naye aliijua, maana ilikuwa yake.

Akakimbilia mlangoni, akausukuma ufunguo kwenye tundu. Haukugeuka. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akavimba mishipa ya shingo kumwita Shahira, na hewa tupu ikatoka. Akamgeukia mkewe, akamshika mabega, machozi yanamtoka, midomo inaunda neno lilelile tena na tena. Mwite. Mwite.

Ibtihal alimtazama. Huko chini lango la jengo likafunguliwa, likafungwa nyuma ya Shahira.