Hodi ya Nguzo

Nguzo ya kando ya ngazi ilichelewa kujibu.

Nyingine zote zilikuwa zimejibu papo hapo. Mhandisi alizigonga kwa nyundo yake ndogo, na kila moja ikalia ting', mlio wa zege lililoshiba. Kwenye hii aligonga, akasubiri, na mlio ukaja baadaye kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa chumba cha ndani. Tena haukuwa ting'. Ulikuwa po.

"Hodi," akasema huku akicheka peke yake.

Huo ulikuwa utani wake wa kazini. Mafundi walimbandika jina la Mama Nyundo, maana katikati ya jiji hapakuwa na jengo la zamani ambalo hajaligonga, na kila akigonga alisema hodi kwa sauti ya chini. Kugonga kwa watu halafu ukakaa kimya ni utovu wa adabu, ndivyo alivyokuwa akiwaambia. Zege likiwa zima, alichora kwa chaki alama ya vema. Likiwa tupu ndani, alichora mkasi, mistari miwili iliyokatana, na mafundi wakajua hapo ni pa kuvunja. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi kwenye kazi hiyo, na hakuwahi kuweka vema pasipostahili.

Akagonga usawa wa kichwa. Po. Akashuka hadi gotini. Po. Akazunguka nyuma ya nguzo, akakuta ufa mwembamba ulioshuka kutoka darini mpaka sakafuni, na ufa huo ulikuwa unapuliza. Hewa yake ilikuwa ya baridi na ilinuka saruji mbichi, wakati jengo lenyewe lilikuwa na umri wa kuitwa bibi.

"Vipi hiyo, Mama Nyundo?" nyapara wa mafundi akauliza kutoka juu ya kiunzi.

Chaki ilikuwa tayari mkononi. Alijua la kufanya, hata mtoto angejua. Ila kesho yake kamati ya jiji ilikuwa inakutana kuamua jengo libaki au lipishe maegesho ya magari, na meya alishakata maneno: nguzo moja tu ikionekana mbovu, tingatinga linaingia. Na hili halikuwa jengo kama majengo mengine. Lilikuwa na ukuta wa matofali ya matundu uliochuja jua na kulimwaga sakafuni vipande vipande, na mapezi ya zege yaliyokinga madirisha, na ngazi ya terazo, zege la vijiwe lililosuguliwa, iliyojizungusha hadi juu bila kuegemea kitu. Kwenye ngazi hiyo ndipo yeye alipofanyia hesabu za shule kila alasiri, akimsubiri mama yake atoke kazini. Mama yake alikuwa mpokea wageni wa jengo zima. Alikaa nyuma ya meza ya duara pale chini, na aliyeingia, awe wakili au muuza mafagio, aliambiwa karibu kwa sauti ambayo watu walirudi hata bila shida yoyote ili waisikie tena.

Basi akachora vema.

"Nzima," akasema, na hakupepesa jicho.

Kisha akaomba mwiko na saruji kidogo, akaziba ule ufa kwa mkono wake mwenyewe. Nyapara alishangaa, maana kupaka lipu haikuwa kazi ya mhandisi, lakini aliona asimwulize mkubwa wake maswali. Mhandisi alijiambia kwamba nguzo nyingine zingebeba, na kwamba jengo likishapona angeirudia hii polepole aitibu. Alipogeuka kuondoka, kitu kikagonga kutoka ndani. Kiligonga kwa mwendo wake yeye, polepole, kikasikiliza. Akajifanya hamnazo, akatoka nje.

Siku ya pili kamati ikapitisha jengo libaki. Watu walimpigia makofi, na makofi yale yakamwingia vibaya.

Jioni hiyo alikuwa jikoni anaosha vyombo, mama yake amekaa sebuleni kwenye kiti chake cha siku zote. Nyumba ilianza kunuka saruji mbichi. Kabla hajajiuliza harufu inatoka wapi, akasikia kugongwa. Mlango haukuguswa. Uliogongwa ulikuwa ni ukuta.

"Hodi," sauti ikasema, sauti ya mtu aliyejaza vumbi mdomoni.

"Karibu!" mama akaitikia, kwa ile sauti yake ya mezani. "Pita ndani, usisimame hapo."

Mhandisi akatoka mbio, mikono ikichuruzika maji. "Mama, umemkaribisha nani?"

"Mgeni wako. Anasema mmejuana kazini."

"Yuko wapi?"

"Si huyo hapo, kakaa," mama akasema, akaelekeza kidevu kwenye kiti kitupu kilichokuwa kimesogezwa karibu na chake. "Mletee basi hata maji. Kakauka huyu."

Kuanzia hapo nyumba ikaanza kuliwa kutoka ndani. Ukuta wa sebule, aliougonga kwa kidole tu, ulilia po. Meza ya mninga ikalia po. Alinunua mkate, akaukata, na ndani hapakuwa na kitu, gamba limezunguka hewa. Ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni, ukiigusa kwa kata, ililia kama ndoo kavu. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, naye ndiye aliyesema nzima?

Halafu mama akaanza kukohoa. Hospitali walipiga picha ya kifua wakasema mapafu hayana neno, ni uzee na vumbi, wakampa dawa ya maji. Kikohozi hakikusikia dawa. Alasiri moja, jua likiwa bado linawaka dirishani na watoto wa jirani wakicheza nje, mama alikohoa mpaka akainama, na mhandisi akamsogelea akaanza kumpigapiga mgongoni kama mama alivyompiga yeye utotoni alipopaliwa, taratibu, kwa kiganja, huku akimwambia pole mama, pole, na kiganja kilipotua mara ya pili akausikia ule mlio, ukiwa umechelewa kidogo, ukitoka mbali kuliko mgongo wa mtu unavyoweza kuwa na umbali, po, na hakuacha kupiga kwa sababu mkono wake ulishazoea kutafuta mahali ubovu unapoishia, ukapanda mabegani, po, ukashuka kiunoni, po, na kutoka humo ndani, chini ya ngozi ya mama yake mzazi, kitu kikamjibu kwa kugonga.

"Mwanangu," mama akanong'ona, "huyu mgeni wako haagi?"

Mhandisi alikwenda uani akalia. Hakulia kwa woga peke yake. Alilia kwa sababu alijua ni nani aliyeleta mgeni.

Mganga aliletewa habari na jirani aliyemsikia akilia uani. Alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, mwenye chumba nyuma ya duka la kushona viatu, na alipofika hakupiga hodi. Aliusukuma mlango, akaingia kimya kimya, akamwangalia mama, akakiangalia kile kiti kitupu, akamvuta mhandisi uani.

"Nani aligonga kwake?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Ukasema hodi?"

"Nilikuwa natania."

"Yeye hajui utani. Amesikia hodi, anakuja kufungua, wewe ukamzibia mlango. Ulitaka alale wapi? Kakufuata. Na huyu mama kamkaribisha kwa kinywa chake. Mgeni aliyekaribishwa mimi siwezi kumfukuza, sina ubavu huo."

"Nifanye nini, baba?"

"Mrudishe kwake. Beba nyundo ile ile, mwambie mfuatane, atakuja. Ufungue ulipoziba. Halafu ile alama yako ya uongo uifute, uweke ya kweli, watu waione. Wakijua pana mwenyewe watapaepuka, naye atatulia."

"Nikiweka ya kweli, jengo linavunjwa."

"Livunjwe. Likiwa halina watu ndani yeye atahama, wana sehemu zao hawa."

"Na nikifungua ufa, nisiweke alama?"

Haraka yote ya mganga ilikuwa imekwisha.

"Mama yako atapona," akasema. "Ila utakuwa umemweka mahali watu wanapopita wakidhani hayupo. Na wao wana midomo ya kusema karibu, kama mama yako."

Alfajiri ya siku iliyofuata alitoka nyumbani na nyundo mkononi. "Twende," akasema mlangoni, na hakugeuka nyuma. Njia nzima alifuatwa na harufu ya saruji mbichi na hatua zilizokuwa nyepesi mno kuwa za mtu, na mlinzi wa jengo aliyemfungulia lango akasogea pembeni zaidi ya mara moja, kama anayepisha wawili, kisha akabaki ameduwaa. Alipiga magoti nyuma ya nguzo, akaubomoa ule ufa kwa ncha ya nyundo, chini kabisa, mpaka pakapatikana tundu la kuingiza mkono. Ubaridi ukampita kwenye kifundo cha mguu, mrefu, usiokwisha, kama shuka linalovutwa kitandani, halafu kukawa kimya.

Chaki ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akaishika mbele ya ile vema yake. Jua lilikuwa linachomoza, na ule ukuta wa matundu ukaanza kumwaga vipande vyake sakafuni, kimoja kimoja, mpaka vikafika mahali ilipokuwa meza ya duara. Akairudisha chaki mfukoni. Alijidanganya kwamba angekuja baadaye, atakapojua namna ya kuyasema hayo kwa watu. Nyumbani alimkuta mama ameketi kitandani, anauliza kwa nini hakuna chai.

Mama alipona kweli. Mgongo wake ulilia kama mgongo. Kilichobadilika ni kimoja tu, na mtu wa nje asingekigundua: watu wakibisha hodi, mama alinyamaza, akamtazama bintiye, akasubiri yeye aende kufungua.

Ukarabati wa jengo ulipokamilika, jiji likaandaa sherehe mchana kweupe. Terazo ilisuguliwa mpaka ikarudisha nyuso za watu, na mapezi ya zege yakapakwa chokaa. Wapangaji wa zamani walirudishwa wa kwanza. Fundi cherehani, aliyeshona kwenye jengo hilo tangu ujana wake, alipewa nafasi yake ile ile chini ya ngazi, na cherehani yake aliiegemeza kwenye nguzo. Vitambaa vyake vilifunika lile tundu.

Mhandisi alipita kumsalimia, maana angempita bila salamu angeshindwa kueleza sababu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Mwambie tumerudi nyumbani." Fundi akalivuta shati lililokuwa kwenye sindano. "Jengo mmelitengeneza, hapo sina neno. Ila mna panya humu, au mabomba. Kila jioni kuna kitu kinabisha ukutani."

"Na wewe... unafanyaje?"

"Mimi?" Mzee akacheka. "Nasema karibu. Si ndivyo mama yako alivyotufundisha? Hata kama ni bomba, karibu haigharimu kitu."

Kicheko kikageuka kikohozi. Hakikuwa kikubwa. Aliinama juu ya cherehani, akajipiga kifua kwa ngumi ili kikohozi kitulie, na ngumi ilipotua, mhandisi aliusikia mlio ukija kwa kuchelewa.

Mguu mmoja ulitaka kukimbia. Akatoa chaki. Akaigusisha kwenye rangi mpya ya nguzo, akavuta mstari wa kwanza wa mkasi, wa mshazari, kutoka juu kushuka chini. Ulibaki mmoja tu wa kuukata.

"Mama Nyundo!" Meya alikuwa nyuma yake, na nyuma ya meya wapiga picha, wapangaji na watoto wao, wote wakitabasamu. "Hata leo unatuchorea nguzo? Kuna tatizo?"

Alimtazama fundi. Fundi naye alimtazama, macho yamemjaa fahari, kama aliyekuwa amemlea mwenyewe pale ngazini akifanya hesabu.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. Akaurefusha ule mstari kwa kipande kifupi kilichopanda upande wa pili, ukawa vema. "Naonyesha tu kwamba ni nzima."

Wakapiga makofi, wakampisha apite mbele akate utepe. Alipofika kwenye utepe, mkasi mkononi, makofi yakanyamaza kidogo kumngoja, na katika ukimya huo kitu kikagonga kutoka ndani ya nguzo, taratibu.

Fundi hakuinua kichwa kwenye mshono.

"Karibu," akasema.