Mtutu wa Baba

Mtutu ulitoka kwenye bastola ukiwa umelowa, na Elisaria hakuwa ameutia hata tone la mafuta.

Aliupangusa kwa kitambaa, ukalowa tena. Akanusa vidole vyake: majani mabichi ya isale, yale yanayopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya migomba ya ukoo. Ilikuwa saa nane mchana karakanani kwake, Machame, jua linawaka. Akacheka. Fundi bunduki mwenye leseni, Mlutheri anayepitisha kapu la sadaka, aogope jasho la chuma?

Bastola ilikuwa ya marehemu baba yake, kazi ya Wajerumani, na risasi zake zilipotea madukani tangu enzi za foleni za sukari. Sasa biashara ilikuwa huria, mwaka tisini na tatu, kila kitu kinapatikana kwa mwenye nacho. Kaka yake mkubwa, Yakobo, aliyeirithi, aliagiza Nairobi seti ya kuibadilisha itumie risasi ndogo: mtutu mpya, springi laini na magazini yake. Ilipitia mpakani Tarakea na karatasi zote.

"Fanya kwa mkono wako, usimpe mtu," Yakobo alimwambia. "Na ule mtutu wa zamani baki nao, mdogo wangu. Ukumbusho wa baba."

Elisaria nusura alie. Yakobo huyu, ambaye hakuwahi kumpa hata mkungu wa ndizi! Alifunga mtutu mpya, akajaribu risasi tatu kwenye gogo, akamrudishia kaka yake bastola. Mtutu wa zamani aliutundika ukutani, juu ya jiliwa lake la kubania vyuma.

Jumapili iliyofuata, Stella, binti wa Yakobo, aliyekuwa bubu miaka miwili bila daktari kujua sababu, aliamka akidai chai. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Elisaria alimkumbatia kaka yake akatokwa na machozi ya furaha, furaha ya kweli kabisa.

Akakimbia nyumbani kumweleza binti yake, Violet, aliyekuwa na homa. Violet alikuwa na miaka tisa na mdomo usiojua likizo. Aliongea hata na mbuzi. Alipomwona baba yake akafungua kinywa kumsalimia. Hakikutoka kitu.

Alasiri ya siku ya tatu, ukungu uliposhuka kutoka msituni, Elisaria alisikia nyayo kwenye majani makavu ya migomba, akatoka asione mtu, akarudi ndani nyayo zikamfuata, zikampita pembeni mlangoni na harufu ya isale ikaijaza nyumba, na zilipofika kitandani kwa Violet zikakoma, mtoto akaketi taratibu, akanyoosha mkono wa kulia kama mtu anayetoa kitu, kiganja kikidondosha maji yasiyojulikana yanatoka wapi, akabaki hivyo, macho yakimwomba baba yake, mpaka ukungu ulipoondoka.

"Anatupatia nini?" mkewe, Elinipendo, alinong'ona.

"Sijui, mama Violet. Usipaze sauti."

Kesho yake Elisaria, aliyeikumbuka harufu ile, aliubeba mtutu akapanda basi hadi Mkuu, Rombo, kwa mganga, Bibi Kornelia. Alipoufungua mtutu kwenye gazeti, bibi akasogeza kigoda nyuma.

"Umeniletea wa nini? Si ulikubali?"

"Shikamoo, bibi. Nilikubali nini?"

Bibi akashusha sauti. "Kaka yako alikuja hapa na binti bubu. Mtutu huu una jini. Baba yenu alimuua nao jirani aliyekuja kuomba msamaha wa ugomvi wa mpaka, jani la isale mkononi. Na isale haikataliwi, unajua. Nilimwambia halitamwacha mtoto mpaka ndugu wa damu aung'oe mtutu kwa mkono wake na kuuweka nyumbani kwake. Nikamwambia asikufiche. Akasema umekubali."

Elisaria akaukunja upya mtutu kwenye gazeti. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hupekua nguo aliyovishwa na kaka yake?

"Mrudishie leo," bibi alisema. "Kinyongo chako ndicho mlango wa kulipitisha jini lirudi kwake. Ukimsamehe kwanza, limekuwa lako."

"Yakobo anajua hilo?"

"Aliniuliza. Nikamjibu."

Aliporudi alikuta wazee wa ukoo uani kwake, beberu kafungwa kwenye mgomba, pombe ya mbege imeshawekwa. Yakobo alikuwa amepiga magoti na jani la isale, limefungwa fundo. Kando yake Stella alitafuna muwa huku akipiga soga.

"Nimekukosea, mdogo wangu. Nisamehe." Hakusema kosa gani.

"Chukua kwanza mtutu wako," Elisaria alisema.

"Isale haina kwanza," mzee mmoja alimkemea. "Pokea!"

Violet alisimama mlangoni, mkono umenyooshwa. Elisaria alimtazama, akamkumbuka baba yake. Kukataa jani ndiko kulikomleta huyu aliyemo ndani ya mwanaye. Akikataa naye, atamzaa mwingine kama huyu. Alimchukia Yakobo kwa moyo wake wote, na kaka yake alijua hana pa kutokea. Akanyoosha mkono, akalipokea. Lilikuwa limelowa.

Chuki ikamtoka papo hapo, akabaki mtupu.

Violet akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya mwanaume mtu mzima, nzito, yenye kikohozi:

"Na jani langu mimi, mbona mlilikataa?"

Wazee wakaangusha vibuyu. Yakobo alisimama, akapangusa magoti yake.

"Si unaona, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Mtoto anaongea."