Cheti cha Baba Pacha

Kompyuta ilipaswa kugoma. Siku zote iligoma kama punda anayezijua haki zake: usipoitajia jina, cheti hupati ng'o. Mchana ule fundi alisahau kuitajia, na kompyuta haikugoma.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyeti vya vitasa vya umeme. Cheti hukaa kwenye simu ya mwenye mlango; kitasa kikikiona, kinaamini, kinafunguka. Fundi, kwa uvivu alioulea kama kitindamimba, hakuandika majina ndani ya faili la maagizo. Aliacha pengo na agizo moja: jina lichukuliwe nje ya faili, pale anapoliweka kabla ya kuanza. Siku hiyo alikuwa akisimulia kisa cha mkwewe na kiti kibovu, akicheka kile kicheko chake cha kutikisa vioo, akabonyeza kabla ya kuweka chochote.

Cheti kikatoka. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Kisha nyuma ya mlango wa chumba cha mitambo, uliofungwa tangu asubuhi, mtu akacheka.

"Shangazi," fundi alinong'ona. Ndivyo walivyomwita mkubwa wao, mwanamke aliyetunza ufunguo wa kutilia vyeti sahihi. "Umesikia?"

"Nimekusikia ukicheka," akajibu taratibu. "Ila nilikuwa nakutazama mdomo. Ulikuwa umefumba."

Wakakifungua cheti. Mahali pa jina paliandikwa: Baba Pacha. Pale kazini hakuna aliyemwita fundi hivyo. Lilikuwa jina la nyumbani, alilolitumia mkewe peke yake, tena kwa sauti ya chini.

"Pengo likiachwa wazi halikosi mpangaji," Shangazi akasema. "Kitasa gani kinamjua Baba Pacha?"

Kimoja tu: cha mlango wa nyumbani kwake. Alikifundisha jina hilo mwenyewe ili kumchekesha mkewe.

Shangazi akafanya uganga wake. Akakibatilisha cheti, akavipelekea vitasa vyote habari kwamba mwenye cheti hiki asifunguliwe. Vikaitikia kimoja baada ya kingine, harufu ikapungua, fundi akaanza hata kutafuta mzaha wa kusema. Kitasa kimoja hakikuitikia.

Hapo ndipo fundi alipokumbuka kwamba kitasa cha nyumbani alikuwa amekikata mtandao kwa mkono wake, kwa kuwa kilikuwa kikilia ovyo na kuwaamsha mapacha, akamwahidi mkewe kukirudisha kesho, na kesho ikazaa kesho, hivyo habari yoyote ingepita juu ya bati la nyumba ile kama ndege, na kitasa kingeendelea kumwamini kila atakayekionyesha cheti chenye jina lile.

Akapiga simu. Mkewe akapokea kwa kunong'ona, akicheka kidogo, mapacha wakilia kwa mbali, akamuuliza ni mchezo gani tena huu.

"Mchezo gani? Mama Pacha, toa watoto nje."

"Si uko nao chumbani unawabembeleza?" Akausogelea mlango wa chumba. Aliporudi kwenye simu, sauti ilikuwa imekauka. "Baba Pacha... uko wapi?"

Kabla fundi hajajibu, nyuma ya mkewe mapacha wakaacha kulia kwa pamoja, na kile kicheko cha kutikisa vioo kikaanza, kwanza mbali, kisha karibu na simu.