Spa Iliyofungwa Kwenye Ramani

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu linatazamana na spa ya Dada Mvuke. Katikati yetu kuna njia nyembamba tu. Nikiinua kichwa, namwona. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Niliyaona mwenyewe, na mpaka leo nikiyakumbuka nabaki mdomo wazi.

Jina la Dada Mvuke tulimpa sisi majirani. Kwake dawa ya kila kitu ni mvuke. Ukiumwa mgongo, mvuke. Ukigombana na mumeo, mvuke. Kila asubuhi anachemsha maji, anakunja taulo na kuzipanga kwenye kabati la joto. Mdogo wake anafuta vitanda na kujaza chupa za mafuta. Huyo mdogo ana mikono, we acha tu. Siku moja alinikanda shingo nikalala fofofo. Mteja wangu akachoka kunisubiri, akaondoka na gauni lenye mkono mmoja.

Zamani spa yao ilikuwa mtaa wa pili, ghorofani. Wateja walijaa. Lakini wenye magoti mabovu walilalamikia ngazi, ndipo wakahamia hapa chini, karibu na kituo cha mafuta. Chumba ni kizuri na maji hayakatiki. Basi, tangu wahame, wateja wakapotea. Taulo zilipashwa moto asubuhi, jioni zikapoa bila kugusa ngozi ya mtu.

Mdogo mtu akapata kazi kwenye hoteli ya mji wa mbali. Walimpa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata awape jibu. Dada Mvuke ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na hawajawahi kutengana. Mbele yake alimwambia aende tu, riziki ni popote. Kisha alivuka akaja kwangu, akakaa kwenye vitambaa, akalia. Aliniuliza atamzuia vipi, wakati vitanda vitupu vinamtazama.

Jumatatu aliingia Mwalimu kupunguza sketi. Mwalimu huyu anafundisha kompyuta chuoni, na zamani alikuwa mteja wao wa kila mwezi. Nilimsimamisha juu ya kigoda nikaanza kubana pindo, pini mdomoni. Mara Dada Mvuke akatoka kukung'uta taulo.

Mwalimu alipiga ukelele. Kigoda kikayumba, nami nusura nimeze pini.

"Uko hai?" aliuliza, mkono kifuani.

Dada Mvuke aliduwaa na taulo yake. Akajibu kwamba ndiyo, yuko hai, kwani nani kasema vinginevyo?

Mwalimu alikaa chini. Akatoa simu, akafungua ramani na kutuonyesha. Palikuwa na jina la spa na picha ya mlango ule wa ghorofani. Chini yake, kwa maandishi mekundu: Imefungwa kabisa. Alitueleza kwamba aliposoma hivyo alipiga namba iliyoandikwa pale, nayo haikupatikana. Akapanda zile ngazi, akakuta ofisi ya mtu mwingine. Akajua mwenye spa ameshatangulia mbele ya haki. Hata wenzake chuoni alishawaambia.

Nilishikwa na bumbuwazi. Kumbe mtu unaweza kuwa unakunja taulo zako asubuhi, na watu huko nje wanakuombea upumzike kwa amani!

"Nani ametufunga?" Dada Mvuke aliuliza kwa sauti ndogo. Mdogo wake alisema bila shaka ni adui. Mimi nilikuwa nimeshawataja wawili moyoni.

Wakati huohuo mume wa Dada Mvuke akaja kula chakula cha mchana, kama kawaida yake. Shemeji huyu ni msoma mita za maji, mtu wa utaratibu kupita kiasi. Alitazama simu, akatabasamu kabisa.

"Niliifunga mimi," alisema. "Mtu akihama, mita ya zamani lazima ifungwe."

Shemeji akaendelea kueleza, tena kwa fahari, kwamba siku ya kuhama alikabidhi funguo, akafunga maji, akakata namba ya simu ya zamani, kisha akafunga spa kwenye ramani. Kazini kwao ndivyo inavyofanyika. Spa ya mahali papya alijua ingejitokeza yenyewe, maana tovuti ipo, na yeye ndiye aliyelipia itengenezwe.

Niliogopa kumtazama Dada Mvuke usoni. Alikuwa amekunja ile taulo mpaka ikawa ndogo kama leso.

Mwalimu hakumgombeza Shemeji. Alimwambia mdogo mtu asimame mlangoni mwa spa, atafute kwenye simu masaji ya karibu. Ilitokea spa ya ng'ambo ya mji. Ikatokea saluni ya kucha. Ikafuata sehemu ya kuoshea mbwa. Sisi hatukuwemo.

"Mbwa wametupita," mdogo mtu alisema. Nilitaka kucheka, nikaona machozi yanamlengalenga.

Shemeji aliharakisha kufungua tovuti ili kujitetea. Kweli ilipendeza, ina maua na mawe meusi, na huduma zote zimeandikwa kwa herufi za dhahabu. Mwalimu alimwomba aguse neno moja na kulinakili. Shemeji akabonyeza, akabonyeza tena. Neno halikushikika.

"Hii yote ni picha," Mwalimu alimweleza. "Mtu anaisoma. Mtandao ukitafuta maneno hapa, hauna cha kushika. Tena hamjasema popote kwamba mko mtaa gani."

Shemeji aliweka kijiko chini. Fahari yote ilimtoka, akauliza kama alichofunga kinaweza kufunguliwa.

Kinafunguliwa, Mwalimu alisema, na mchana huohuo walianza. Hawakuunda ukurasa mpya kwenye ramani. Walirudi kwenye ule ule wa zamani, wakaufungua, wakabadilisha anwani na namba ya simu. Anayehama anabadilisha anwani, hafungi. Angeanza upya angeacha nyuma sifa zote walizoandika wateja kwa miaka. Waliweka saa za kazi na picha za kweli za mlango, kitanda na kabati la taulo. Wenye ramani wakataka uthibitisho, hivyo Shemeji alipiga video kuanzia kibao cha nje mpaka ndani. Mimi pia nimo, nimeshika mkasi.

Kwenye tovuti Mwalimu aliwaelekeza waandike kwa maneno ya kawaida: masaji, mvuke, kusugua mwili, mtaa wetu, karibu na kituo cha mafuta. Jina, anwani na namba ya simu vilitakiwa kufanana kila mahali, kwenye tovuti, kwenye ramani na hata kwenye kibao. Vikitofautiana, mteja na mtandao wote hawajui washike kipi.

Shemeji alitaka ukoo mzima uandike sifa usiku uleule, hata shangazi ambaye hajawahi kukandwa maishani. Mwalimu alimkatalia. Sifa za uongo hufutwa, na zinaweza kukuponza. Aombwe mteja wa kweli, na akiandika ajibiwe kwa adabu, hata kama amelalamika. Akawaonya pia kwamba mambo haya yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na atakayewaahidi kuwaweka juu kesho asubuhi ni tapeli.

Nilimwona Dada Mvuke anahesabu kwa vidole. Mpaka Ijumaa zilibaki siku tu, si wiki.

Maandishi mekundu yalifutika siku chache baadaye. Mwalimu alikuja kukandwa, akaandika sifa yake. Mgeni hakuja hata mmoja. Alhamisi mdogo mtu aliniletea begi lake nimshonee zipu. Nilishona huku nalia, na zipu ikaenda upande.

Ijumaa asubuhi mwanamke mmoja alipita mbele ya duka langu, macho kwenye simu. Sikuwahi kumwona. Alisimama, akatazama kibao, akatazama simu, akaniuliza kama hapa ndipo kwenye masaji, kwani ramani inasema amefika.

Nilinyoosha mkono tu.

Kupitia mlangoni nilimwona mdogo mtu anapaka mafuta mikononi. Hazikupita dakika nyingi, simu yake ikaita. Walikuwa wale wa hoteli, wanataka jibu. Mikono yake ilikuwa mgongoni mwa mgeni, hivyo Dada Mvuke aliipokea akamwekea sikioni.

Mdogo mtu alisikiliza. Hakuacha kukanda.

"Samahani," alisema, "nina mteja."