Gamela ya Kaporali Lazare

Gisèle alikuwa stesheni ya Kamina, amekaa juu ya mzigo wa watu, analia. Hakufiwa. Msuka nywele huyu alikuwa akingoja mesh za saluni, nywele za kusukia, zifike na treni ya Lubumbashi, na ili saa ziende alifungua kitabu cha sita cha Kapiteni Mbayo, pale risasi inapompata kapiteni kifuani na Léonie, mpenzi wake, hana habari. Wauza karanga wanapita, mbuzi wanapita, yeye machozi yanalowesha kitenge kipya cha manjano.

"Usilie, maman. Hatakufa. Mu kitabu ya saba iko muzima."

Akainua macho. Mwanajeshi mrefu, kombati imenyooshwa pasi, bereti mkononi.

"Weye! Nani alikuuliza? Nimengoja hii kitabu miezi mbili, unanimalizia yote!"

"Pardon. Minyi pia nililiaka pale pale."

Jamani! Mwambie msichana wa vitabu sita vya mapenzi ya jeshi kwamba kuna mwanajeshi wa kweli, wa kambi ya hapa hapa, anayevisoma na kulia. Hasira iliisha kabla treni haijaingia. Aliitwa Lazare, kaporali. Alimbebea mesh mpaka saluni, na wakati wa kuagana namba ya Gisèle ilikuwa tayari kwenye simu yake.

Kuanzia hapo simu ililia kila siku saa kumi na moja jioni.

"Léonie yangu, umekula?"

"Bado, kapiteni yangu. Sauti yako iko ya kuchoka."

"Leo kazi ilikuwa ya moto, chérie."

Gisèle akafumba macho, akaona moshi na mizinga. Kazi gani, hakuuliza. Kwani Léonie aliwahi kuuliza? Saluni nzima ikaambiwa kwamba mchumba wake karibu apewe ukapiteni, na Tshala, mwenye saluni, akasema basi siku moja waende wakamwone.

Wakaenda, Jumamosi, wawili kwenye pikipiki moja. Mlinzi wa geti la kambi akamwita. Lazare akatokea nyuma ya masufuria makubwa, aproni kiunoni, unga wa bukari, ugali wa huku, mpaka kwenye nyusi, mkononi mwiko mrefu kama kafi.

"Njo kapiteni yako?" Tshala akacheka mpaka akashika ukuta.

"Unapikaka?" Gisèle aliuliza.

"Napikiaka bantu mia mbili. Sikukuficha, chérie. Haukuniuliza."

Gisèle aligeuka akaondoka. Siku zile simu ililia na hakuipokea. Aibu ilimkaba, lakini kilichomchosha zaidi ni kutojielewa. Alimpenda nani? Alirudi kwenye vitabu vyake amtafute kapiteni, na kila kapiteni alipofungua mdomo aliisikia sauti ya Lazare ikiuliza, umekula? Akakitupa kitabu chini ya kitanda. Asubuhi akainama akakitoa. Alimkasirikia mpishi, akamkasirikia kapiteni, na mwenyewe hakujisamehe.

Wiki ya tatu ujumbe ukaingia: "Kesho saa sita tunapanda treni ya Kalemie. Sijue ntarudia siku gani. Kama haunitaki, sema tu, ntafuta namba yako mu simu."

Kesho yake, saa tano na nusu, Gisèle akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

"Gisèle! Na hii kichwa ya maman wa bantu?" Tshala alipiga kelele.

Hakusikia. Kitabu cha tano ndicho kilichomkimbiza, pale Léonie anapokimbia kando ya treni akiita jina. Stesheni aliita mpaka Lazare akaruka chini kutoka behewani. Gisèle akamkumbatia mbele ya watu. Akasema, "Ntakungoja hata miaka kumi!" Wanajeshi madirishani wakapiga makofi.

Basi. 

Treni haikuondoka. Kichwa cha treni, injini yenyewe, kilikuwa bado kinangojwa, na saa sita ikapita, saa saba ikapita. Maneno ya kitabu yalikuwa yameisha yote, na wao wamesimama wanatazamana viatu.

"Unasikia njala?" Lazare aliuliza.

Akatoa gamela yake, ile sahani ya bati ya jeshi yenye kifuniko: bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki mkavu wa Mulongo. Wakala pamoja, vidole vinagongana.

"Nani alikufundisha kupika?"

"Mama, kule Kabongo. Aligonjwa, na minyi njo nilikuwa mutoto mukubwa."

"Na kule munaenda... unaogopaka?"

"Sana. Kapiteni Mbayo haogopake. Minyi naogopaka."

Gisèle akaacha kutafuna. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mtu huyu, huyu mwenye unga kwenye kucha.

"Lazare, sijue kama njo weye napenda ao ni kitabu."

"Na sasa?"

"Sasa nakula. Niache."

Wakacheka. Saa tisa Gisèle akachukua gamela kwenda kuiosha bombani, nyuma ya stesheni. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na bidoni zao za maji. Zamu yake ilipofika, honi ikalia. Akakimbia na bati linalochuruzika maji, akakuta behewa la mwisho linapita. Hata mkono wa Lazare hakuuona. Hakuna kitabu, hata kimoja, ambamo watu wanaagana hivyo.

Simu ikalia.

"Gisèle! Gamela yangu!"

"Iko na minyi."

"Ile ni ya jeshi! Mukubwa atanifunga!"

"Basi kuya uikamate kwetu. Mbele ya baba. Na bakubwa ba kwenu bote."

Lazare akapaza sauti juu ya mlio wa reli.

"Nikuye na nini, chérie?"

"Na mwiko. Baba anapenda bukari ya nguvu."

Alimsikia akicheka, au akilia, kisha laini ikakatika. Gisèle akabaki pale, gamela kifuani, kitenge cha manjano kimelowa.

Mama mmoja muuza karanga akasimama.

"Pole, mutoto. Ni kilio ya nani?"

"Apana, maman. Hakuna kilio. Niko nangoja muntu."