Inkongoro ya Mama Emerance

"Kofia nyekundu! Usimupoteze, mutoto wangu!"

Sauti ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya haragwe, ndani ya sikio la Béata Nsengimana. Béata alikuwa anakimbia.

Alipenya katikati ya wauza brosheti za mbuzi. Akaruka benchi la wanakwaya. Akamkwepa bwana mmoja aliyekuwa akiwapiga picha mkewe na watoto kwa simu ya Tecno, akaingia kwenye picha hiyo bila kualikwa, bastola ya Glock ikimgonga ubavuni chini ya kitenge.

Ilikuwa Jumapili ya Ziwa. Kila Oktoba, mvua zikishalaza vumbi la volkano, Goma nzima hushuka ufukweni kujiburudisha. Kuna safari za mashua, kuna dansi, kuna mahema ya jibini za Masisi. Alasiri kuna mbio za chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo bila hilo soko la Goma lingelala njaa. Siku kama hiyo hata polisi hucheka. Ndiyo maana wasafirishaji haramu walikuwa wameichagua.

Walikuwa na mzigo mmoja tu: mtoto wa gorila, jike, aliyeporwa mwezi uliopita msituni juu ya Rumangabo, makao ya hifadhi ambako gorila yatima hulelewa.

Mama yake aliuawa. Mlinzi wa hifadhi aliyejaribu kuwakinga aliuawa pia. Mlinzi huyo aliitwa Valentin, na alikuwa mdogo wake Béata wa tumbo moja.

Njia ya doria ya siku ile ilijulikana na watu wachache sana. Mmoja wao aliiuza. Mtoto yule akitoka Goma leo, hatarudi, na aliyemuuza Valentin hatajulikana kamwe.

"Anaingia kwa gati! Mashua ya bulu! Fanya mbio!"

Mwenye sauti alikuwa Papa Wenceslas, mkuu wa kikosi chao cha siri kinachopambana na biashara ya wanyama. Yeye ndiye aliyemwajiri Béata, ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha. Siku ya maziko alilibeba jeneza la Valentin begani, mvua ikimnyeshea, akakataa kupokewa. Tangu hapo mama yao, Mama Emerance, alimhesabu kuwa ndugu wa damu. Kila Jumamosi alimpelekea maziwa ya ng'ombe wake.

Béata aliruka. Mguu mmoja gatini, mwingine mashuani. Alimkamata yule wa kofia nyekundu ukosini akamlaza kifudifudi kati ya abiria na maputo yao.

"Mama, pardon! Ni jeu, ni muchezo tu!" alilia yule mtu. "Balinituma! Balisema nikimbie mpaka kwa mashua, mwisho napata tee-shirt!"

Abiria walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya burudani.

Béata alimwachia. Aligeukia maji, akabonyeza kidude sikioni, akanong'ona. "Chef, huyu mutu ni wa bure. Banatuchezea."

"Baki apo apo," alisema Papa Wenceslas. "Mashua njo njia yabo. Niko kwa terrasse ya hoteli na jumelles, naona yote. Usitoke kwa gati."

"Na Modeste? Nimuite ashuke na bagarde?"

"Apana! Babaki Kanyaruchinya. Bakishuka na magari, bale batu batakimbia."

Modeste alikuwa rafiki wa Valentin, wa doria moja. Yeye na walinzi wenzake walikuwa Kanyaruchinya, nje ya mji, tangu asubuhi, wamekaa ndani ya magari, wakisubiri ruhusa isiyofika.

Béata alibaki gatini. Amri ni amri.

Huko juu, kwenye mteremko unaotoka mjini, vifijo vililipuka. Chukudu zilikuwa zinashuka.

Kanuni ya mbio hizo haina utata. Kila mshindani hubeba magunia ya maharage kutoka mji wa Kiwanja, kama siku yoyote ya kazi. Hupiga goti moja kwenye kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye mbao, mguu wa pili husukuma, na mteremko ukianza huachia tu, breki akamwachia Mungu. Maharage hayaumwi mgongo. Anayefika wa kwanza hubebwa juujuu na kumwagiwa bia.

Wakapita wa kwanza, wa pili, kundi zima, magurudumu yakinguruma.

Kisha akaja mmoja peke yake, nyuma ya wote.

Alikuwa anafunga breki.

Mguu wake wa nyuma ulikuwa umekandamiza gurudumu. Kila shimo alilizunguka. Kwenye tuta alishuka chini kabisa, akainua mbele kwa mikono miwili, akaiteremsha taratibu. Watu walimzomea: "Ee papa, umebeba mayai?"

Béata hakucheka. Alizaliwa Masisi, aliziona chukudu kabla ya kuona gari. Mwenye maharage hashuki hivyo, hata akiwa mlevi. Hivyo hushuka mtu aliyebeba kitu kinachopumua.

"Béata, unaenda wapi?" sauti ilimkemea sikioni. "Béata! Nimesema kwa gati!"

"Kwa toilette, chef."

Akainama, akapotelea chini ya mahema, mahali ambapo darubini haioni.

*

Nyuma ya hema la jibini kulikuwa na Land Cruiser nyeusi, mlango wa nyuma wazi. Yule mtu wa chukudu alikuwa anafungua kamba za magunia. Alipogeuka, alikutana na mdomo wa Glock.

"Jina?"

"Twagirimana, mama. Miye nabeba tu! Kubeba njo kazi yangu!"

"Piga magoti."

Alipiga magoti bila kubishana. Lakini macho yake yaliteleza, yakatazama kitu nyuma ya bega la Béata.

"Doucement, madame," ilisema sauti ya kiume. "Weka chini."

Lorentz. Mnunuzi. Kikosi kilikuwa kimemsaka katika nchi tatu. Alivaa kofia ya kitalii na fulana mpya ya Jumapili ya Ziwa, na alishika Beretta kama mtu aliyezoea kuishika.

Béata aliinama polepole. Akaiweka Glock chini. Mkono wake wa kulia ulipopanda, ulipita kwenye meza ya Mama Charline, muuza jibini, aliyekuwa amejificha chini ya meza hiyohiyo. Pale juu zilipangwa jibini za duara, ngumu, zilizoiva vizuri.

Kufumba na kufumbua, moja ilikuwa hewani.

Ilitua puani. Lorentz alirudi nyuma, risasi ikatoboa hema, mlio wake ukamezwa na vifijo vya mbio. Béata alimfikia kabla hajaona vizuri. Kiwiko. Goti. Beretta ikaingia kwenye tope. Lorentz alipopata akili, alikuwa amefungwa pingu kwenye usukani wa chukudu, anatokwa na damu.

Mama Charline alichungulia. "Ee Yezu! Na fromage yangu?"

"Ni fromage ya nguvu, mama. Nitakusifia."

Béata alisukuma magunia. Katikati yake kulikuwa na kreti ya mbao yenye matundu. Akalivunja komeo.

Macho mawili meusi yalimtazama. Mtoto wa gorila alikuwa amejikunja kwenye nyasi kavu, mkono mmoja umekumbatia kitu kifuani. Alikuwa hai, tena amenenepa kidogo.

Béata aliona kile kitu.

Ilikuwa inkongoro, chombo cha maziwa cha kuchongwa kwa mti. Kifuniko chake cha ususi kilikuwa kimefungwa kwa uzi pembeni, chenye mistari myeusi inayopanda na kushuka, na mstari mmoja uliokosewa karibu na ncha. Béata aliujua mstari huo. Mama yake aliukosea usiku wa matanga, macho yamejaa machozi, akasema hataufumua.

Kila Jumamosi. Maziwa ya shukrani.

"Maziwa haya yalitoka wapi?" aliuliza. Sauti yake haikuwa yake.

"Kwa chef," alisema Twagirimana. "Mutoto alikataa maziwa ya mukebe. Angekufa. Njo chef akaanza kuleta haya. Ananiambia: inkongoro usiipoteze, unirudishie. Ni ya mama moja, lazima irudi kwake."

Ndiyo. Papa Wenceslas alikuwa mtu wa milima ileile ya Masisi. Aliweza kuuza njia ya doria. Aliweza kumbeba aliyemuuza, akalia machozi ya kweli mbele ya kaburi. Lakini kutupa chombo cha maziwa cha mwanamke aliyemkarimu, hilo alishindwa. Kwao, chombo hicho hupokelewa kwa mikono miwili, hakifunguliwi mbele ya aliyekileta, na hakirudishwi kitupu.

Béata alihisi hasira. Chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi: alimpenda mzee yule kama baba, na upendo wenyewe ulikuwa bado haujapata habari.

"Béata?" ilisema sauti sikioni. "Position yako?"

"Narudi, chef. Nimeshindwa. Nakuya kwako."

Kumkamata kungekuwa bure. Mkuu wa kikosi angecheka, angesema chombo kiliibwa, na kesho yake Béata ndiye angefungwa. Yalihitajika maneno yake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe.

Kutoka kiunoni alichomoa redio ndogo ya Motorola. Ilikuwa ya Valentin. Modeste alimpa siku ya maziko, na jina la marehemu bado lilikuwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Papa Wenceslas hakujua kwamba anayo.

"Modeste. Ni dada ya Valentin. Shuka sasa hivi. Usiombe ruhusa ya mutu. Bagarde bamoja bakuye kwa hema la fromage, weye kuya kwa terrasse. Na usikize hii chaneli mpaka mwisho."

"Nimesikia, dada."

Alimpa Mama Charline mtoto wa gorila, akamfunika kwa kitenge chake mwenyewe. Mama Charline alianza kumbembeleza bila kuambiwa. Béata akaifuta inkongoro kwa ndani. Akachuna kipande cha mpira kwenye gurudumu la chukudu, akakifunga juu ya kitufe cha kuongelea ili redio ibaki wazi, akaitumbukiza ndani. Akafunika.

"Inkongoro ile," alimwambia Twagirimana, "nitairudisha miye."

*

Papa Wenceslas alikaa pembeni kabisa ya baraza la hoteli, mbali na muziki. Bia ya Primus mezani, darubini kifuani, shati jeupe la kutoka misani.

"Mutoto wangu. Pole. Siku zingine ni vile."

"Mama anakusalimia," alisema Béata.

Akamnyooshea chombo.

Uso wa mzee ulififia. Alijua kilipaswa kuwa wapi saa ile. Lakini mikono yake ilikwenda yenyewe, yote miwili, kama alivyolelewa. Akakipokea. Akakiweka magotini. Kidole chake kiligusa kifuniko.

Kidole kikaondoka. Adabu ni adabu.

"Umeona mutoto," alisema mzee polepole.

"Nimeona. Ameshiba maziwa ya mama yangu." Béata alikaa mbele yake. "Niambie juu ya Valentin, Papa. Tuko wawili tu. Niambie, ili nijue nitamwambia mama nini."

Mzee alitazama ziwa. Mashua ya bluu ilikuwa inazunguka, watoto wakipunga mikono.

"Hakupashwa kuwa kule," alisema. "Nilibapa batu ba Lorentz njia ya doria bapate saa yabo, baepuke bagarde. Valentin alibadilisha zamu na mwenzake. Miye sikujua. Niliapa, hakuna mutu atakufa! Lorentz aliniahidi maisha mbali na hapa. Nimechoka na hii jiji, Béata. Nimezika batu mingi."

"Na huyu ulimubeba kwa bega."

"Nilimulilia kweli."

"Najua. Njo inaniuma zaidi."

Mzee akajivuta, na ule ukuu wa ofisini ukamrudia.

"Sasa unafanya nini? Utashitaki? Weye mutoto wa kazi, miye ni chef. Nani atakuamini?"

"Nani atakuamini?" ilirudia sauti.

Haikuwa ya Béata. Ilitoka kwenye ngazi.

Ilikuwa sauti ya Papa Wenceslas mwenyewe, yenye mikwaruzo, ikipanda hatua kwa hatua. Kisha mluzi mkali wa redio mbili zilizokaribiana ukatoboa masikio ya wanywaji wote. Modeste akatokea juu ya ngazi, sare ya kijani imelowa jasho, redio ikipiga kelele begani. Nyuma yake walinzi wanne. Macho yao yalikuwa mekundu, kwa kuwa walikuwa wamesikiliza njia nzima.

Papa Wenceslas aliitazama inkongoro magotini mwake. Akainua kifuniko, hatimaye. Akaiona redio, na mpira wa chukudu, na jina.

"Kwetu inkongoro hairudi tupu, Papa," alisema Béata. "Unajua."

Alichomoa kile kidude sikioni, akakitumbukiza kwenye Primus ya mzee. Akamwachia Modeste redio ya Valentin iwe ushahidi. Akachukua inkongoro, akashuka ngazi taratibu, akipishana na wahudumu waliobeba brosheti.

Chini, mshindi wa mbio alikuwa anamwagiwa bia. Karibu na hema la jibini, walinzi walikuwa wanampandisha Lorentz garini, na mtoto wa gorila amelala kifuani kwa Mama Charline. Béata alitoa simu.

"Mama? Jumamosi usimupelekee Papa Wenceslas maziwa."

"Juu ya nini? Anagonjwa?"

"Apana." Akamweleza. Alimweleza yote, akitembea, bila kupunguza.

"Ule mutoto wa nyama," alisema mama yake mwishoni, kwa sauti ya chini. "Ule Valentin alikufia. Ameishi na maziwa yangu?"

"Mwezi muzima, mama."

Mama Emerance alipenga kamasi.

"Basi niletee inkongoro yangu," alisema. "Jumamosi nitapeleka Rumangabo."