Hakuonja Kwanza

Kwetu Rusizi ukimpa mtu kinywaji, unaonja wewe kwanza, ajue hakina kitu. Siku ile Honorine alimpa mdogo wake maziwa bila kuonja. Mwavita aliona, lakini mtu atamshukuje dada yake wa tumbo moja? Yeye mwenyewe alikuwa na mimba kubwa, na jua la Nkanka halina huruma. Akanywa yote.

Mdomoni ikabaki ladha ya udongo. Ndipo akakitazama chombo: chungu kidogo cheusi, shingo imechorwa mistari, sawasawa na vigae walivyokuwa wakiviosha wote wawili kule watafiti walikochimbua kijiji cha watu wa kale.

"Yaya, hii haiko ya kule banachimba?" alimwuliza dada yake.

Honorine akageukia kitandani. Kitoto chake kichanga, kilicholia wiki nzima hadi sauti ikakauka, kilikuwa kimelala fofofo. Lakini kitu kilikuwa kinanyonya. Mwavita alikisikia chini ya kitanda, kisha nyuma ya mlango, kisha karibu na mguu wake, kinanyonya kwa pupa na kuvuta pumzi kidogo na kunyonya tena, na chumba kizima kikanuka kaburi lililofunuliwa. Haki ya Mungu, mimi ningeruka dirishani!

"Sema polepole," Honorine alinong'ona. "Nilikiiba. Mulikuwa mifupa ya katoto ndani. Nikaitupa mu ziwa."

"Mama yangu!"

"Katoto kakaanza kuninyonya. Mutoto wangu anakosa maziwa, anakauka. Mzee mumoja wa Bukavu akaniambia, muntu mwengine akunywe mu kile chungu, katamufata yeye."

"Na ukanichagua miye? Na hii tumbo?"

Honorine alianza kulia. "Bengine bote bangeniambia nionje kwanza, mudogo wangu. Ni weye tu unaniamini."

Mwavita hakumtukana. Alikipasua chungu ukutani akatoka mbio, akapita migombani mchana kweupe, watu wakimsalimu naye haitikii, maana ule mnyonyo ulikuwa nyuma yake, ukawa begani, ukawa sikioni, hadi akajifungia kwake na kuketi sakafuni, mkono tumboni.

Mwanawe, aliyezoea kucheza saa hizo, hakucheza. Alimwita, akamgusa, akamwita tena.

Blauzi yake ikaanza kulowa kifuani, maziwa baridi, na mnyonyo ukatulia hapo.